Pampu Inanguruma, Maji Hayatoki: Kuchagua na Kutibu Pampu ya Gari la Kuoshea Magari

"Kaka mkubwa, pampu imekufa."

Simu ya namna hiyo huingia kati ya saa nne na saa saba mchana. Kijana mwenye gari la kuoshea magari, lile linalobeba tangi la maji na pampu kumfuata mteja alipo, yuko kwenye maegesho huko Mtumba au Ilazo, gari la mteja limeshapakwa povu, na kwa jua la Dodoma povu linakauka huku analitazama. Swali langu la kwanza halibadiliki: "Inanguruma, au iko kimya?" Akijibu inanguruma, napumua. Pampu inayonguruma mara nyingi ni nzima. Kinachoumwa ni kile kinachoilisha, yaani mpira wa kuvutia, chujio, waya au betri. Na hizo zilizokufa kweli, nyingi zilianza kufa dukani, siku mwenyewe alipochagua kwa kusoma namba kubwa kwenye boksi bila kujiuliza maji na umeme vitatoka wapi.

Nayasema haya nikiwa na kovu langu. Pampu yangu ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya nusu farasi ya kupandishia maji kwenye tangi la nyumbani. Muuzaji aliniambia, "Hii inavuta mita tisa, kwenye gari si mchezo tu?" Kuhusu mita tisa hakudanganya sana, ingawa huku tulipo, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na karibu mita moja ya hizo unaipoteza. Alichonyamazia ni mchanga. Ndani ya pampu ile impela ya shaba, yaani gurudumu dogo linalosukuma maji, inazunguka karibu kabisa na ukuta wake. Punje chache tu zinatosha kuikaba. Wiki ya tatu nilijaza maji ya kisima yenye mchanga, impela ikaganda, mota ikaguna kama dakika moja, kisha ikaja ile harufu ya vanishi iliyoungua. Ukishaisikia harufu hiyo mara moja huisahau.

Jua kwanza una pampu ya aina gani

Ya kwanza ni pampu ndogo ya volti 12, ndugu wa ile iliyomo kwenye mabomba ya kupulizia dawa shambani. Ina kiwambo cha mpira ndani, inajivutia maji yenyewe, inakula ampea kama 5 hadi 15, na inatoa lita chache kwa dakika kwa presha ya bar 3 hadi 7 hivi. Inatosha kusuuza vumbi na kuosha kwa sponji. Tope gumu la chini ya gari haliwezi.

Ya pili ni mashine ya presha ya umeme wa kawaida, wati 1,400 hadi 2,200, bar 100 na kuendelea, lita 5 hadi 8 kwa dakika. Ya tatu ni mashine ya presha ya petroli, yenye nguvu kuliko zote na kelele kuliko zote. Ya nne ndiyo hiyo ya nusu farasi iliyonifundisha. Inafaa kuhamishia maji safi kutoka tangi moja kwenda jingine, na hapo iishie.

Dalili ileile huwa na maana tofauti kwa kila aina, kwa hiyo ukimpigia fundi simu, anza kwa kumtajia aina.

Inanguruma, lakini maji hayatoki

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Anza na vya bure.

Angalia kama koki ya tangi iko wazi na tangi lina maji. Usicheke. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua pampu yote pale Kisasa, skrubu nimezipanga kwenye kofia, kumbe koki ilifungwa na mtoto aliyekuwa akichezea gari usiku.

Pili ni chujio la kuingilia, ile kofia ndogo yenye wavu. Lifungue, liinamishe kwenye kiganja. Kwenye gari jipya utakuta unyoya wa plastiki, yaani yale masalia uliyoyaacha ulipotoboa pipa kuweka koki. Kwenye gari la zamani ni mchanga na utelezi wa kijani. Lisuuze, rudisha na ringi yake ya mpira. Mashine ya presha isiyo na chujio mbele yake usiiwashe hata kwa kujaribu.

Tatu ni hewa. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja na hawaoni tone. Pampu inapovuta, tundu haliruhusu maji kutoka, linaruhusu hewa kuingia; kiungo kinaonekana kikavu safi huku ndicho kinachokuharibia kazi. Dawa unayo tayari kwenye ndoo. Pampu ikiwa inanguruma, paka povu zito la sabuni kuzunguka kila klipu na kila kiungo kati ya tangi na pampu. Pale penye tundu povu litajikunja na kumezwa ndani, unaliona kwa macho. Zima, kata sentimita mbili za mpira uliochoka, zungushia nati tepu nyeupe ya mafundi bomba, kaza klipu. Kama una kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, kifunge hapo karibu na pampu na ukiache hapohapo moja kwa moja. Viputo vikipita utaviona kabla mteja hajaona.

Nne, mpira wa kuvutia ni laini. Mpira wa kumwagilia bustani unafaa kusukumiwa maji, siyo kuvutwa. Asubuhi unafanya kazi vizuri. Saa saba, ukishapata moto, unajibana kama mrija wa soda mtoto anapofyonza kwa pupa. Ukiushika wakati pampu inafanya kazi utaukuta umebonyea. Nunua ule wenye waya au uti mgumu ndani yake, robo tatu ya inchi, na uwe mfupi.

Tano, pampu imewekwa juu ya tangi. Ile ya volti 12 itavumilia. Mashine nyingi za presha hazijatengenezwa kuvuta kutoka chini. Zinataka maji yazifuate yenyewe. Toa maji chini kabisa ya tangi, pampu ikae sakafuni, mpira usiwe na mgongo unaopanda na kushuka, maana hewa hukaa kwenye huo mgongo. Kisha toa hewa: fungua koki, chomoa nozeli (ile ncha ya bunduki inayotoa mchirizi), bana kifyatuo cha bunduki mashine ikiwa imezimwa mpaka maji yatiririke bila kutemateme, ndipo uwashe.

Sita ni joto, na hili ni letu watu wa kanda ya kati. Mashine nyingi za umeme zinakubali maji ya kuingia yasiyozidi nyuzi 40 za selsiasi. Tangi jeusi lililoanikwa juani mwezi wa kumi na moja linaweza kuvuka hapo, na maji ya moto yakivutwa kwa nguvu yanatoa viputo ndani ya pampu. Funika tangi kwa gunia lililolowa au egesha kivulini.

Ukifika hapa bado hakuna maji, inawezekana valvu ndogo za ndani zimegandana kwa chumvi baada ya kukaa muda mrefu. Hiyo ni kazi ya fundi wa pampu. Na wakati wowote mngurumo ukigeuka kuwa kama kokoto zinazotikiswa kwenye sufuria, zima papo hapo. Pampu inatafuna hewa badala ya maji, na kila dakika unayoongeza inakula sili, yaani zile pete za ndani zinazozuia maji kuvuja.

Maji yanatoka, ila hayana nguvu

Kabla ya kufungua chochote, pima. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Toa nozeli, washa, jaza. Mashine iliyoandikwa lita 7 kwa dakika ijaze ndoo kwa dakika tatu kasoro. Ikijaza vizuri lakini haina nguvu, tatizo liko mbele, kwenye nozeli au bunduki. Ikichukua dakika tano, tatizo liko nyuma, upande wa kuingia au wa umeme, rudi dalili iliyopita. Kipimo hiki kimoja kinakuokolea nusu ya safari za kwa fundi.

Upande wa mbele, mkosaji wa kwanza ni nozeli. Ikiziba kidogo, mchirizi unapinda au unatapatapa. Isafishe kwa pini kutokea mbele, halafu isuuze kinyumenyume ili uchafu usirudi ndani. Ikiwa tundu limelika, mchirizi unafunguka na nguvu inapotea. Badilisha, ni spea ya bei ndogo. Ukiona nguvu haipo kabisa, angalia rangi: nozeli nyeusi ni ya sabuni na imekusudiwa kutoa presha ndogo. Wapo waliouza mashine nzima kwa hasara kwa sababu ya nozeli nyeusi. Kwa rangi ya gari tumia nyeupe, yenye kufungua nyuzi 40, au kijani ya 25, ukiwa umbali wa mkono mmoja hivi. Nyekundu inatoa mchirizi mmoja mkali. Inabandua rangi na inaweza kuumiza tairi, kwa hiyo mimi zangu nimezitoa kwenye gari zisije zikamshawishi kijana.

Kwa pampu ya volti 12, mkosaji mkubwa ni umeme mdogo. Pima volti kwenye nyaya za pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi. Kwenye betri utaona 12 na ushee na kudhani mambo ni shwari. Chini ya 11 pale kwenye pampu, waya ni mwembamba, kiungo kimeota kutu au betri imechoka.

Mwisho kabisa ni valvu inayorudisha maji ndani ya mashine unapoachia kifyatuo. Ina skrubu au kitasa cha kurekebishia presha, na vijana hupenda kukikaza "ili iongezeke". Usikiguse. Kikikazwa kupita kiasi, kifyatuo kinapoachiwa presha haina pa kwenda isipokuwa kupasua mpira au sili. Peleka kwa fundi mwenye geji.

Na hili lisikupite: usizibe nozeli kwa kidole, usijaribu mchirizi kwenye kiganja, usielekeze bunduki kwa mtu. Mchirizi wa presha ukipenya ngozi unaacha alama ndogo kama ya sindano, na mtu hujiona mzima, kumbe maji, sabuni na uchafu vimeshaingia ndani ya nyama. Nenda hospitali saa ileile, usingoje mkono uvimbe, na umweleze daktari kwamba ni mashine ya presha.

Inawaka, inazima, inawaka, inazima

Hii ni ya pampu za volti 12 zenye swichi ya presha. Umeachia kifyatuo, lakini kila baada ya sekunde chache inagutuka: trrr, kimya, trrr. Kuna mahali presha inapungua. Angalia tone kwenye bunduki, kwenye viungo vya upande wa kutolea (huku maji yatavuja kweli, huhitaji povu), halafu valvu ya ndani inayozuia maji kurudi, ambayo punje ya mchanga inaweza kuiacha wazi.

Ikigutuka wakati bado umebana kifyatuo, ni suala jingine: nozeli ni ndogo kuliko maji ambayo pampu inasukuma. Presha inapanda haraka, swichi inakata, inashuka, inawasha. Weka nozeli kubwa zaidi. Ukiiacha hivyo, ncha za swichi zitaungua na pampu itabaki inawaka bila kuzima, au haitawaka tena. Swichi ya kubadilisha inapatikana, lakini usiiruke kwa kuunga waya moja kwa moja. Bila swichi hakuna kinachoizuia pampu kupasua mpira.

Fyuzi inakatika, waya una joto, betri inakufa kabla ya saa sita

Fyuzi ikikatika mara moja, weka nyingine yenye namba ileile. Ikikatika tena, acha. Kutoa fyuzi ya 15 na kuweka ya 30, au kuzungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ni kuhamisha fyuzi kutoka mahali pake na kuufanya waya mzima uwe fyuzi, tena unaopita chini ya kiti karibu na bomba la mafuta.

Vyanzo kwa mpangilio ninaovikuta: waya uliochunika ukagusa bodi, pampu iliyoganda kwa chumvi ikikazana kuzunguka, kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa gundi nyeusi, mota yenyewe. Washa pampu dakika tano, zima, papasa waya wote. Panapochoma ndipo penye ugonjwa. Waya wote ukiwa na joto, ni mwembamba.

Hesabu yake si ngumu. Pampu ya ampea 10 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri inatembeza umeme mita 10, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, zaidi ya volti moja inaishia njiani. Kwa waya wa 4, inapotea chini ya nusu volti. Waya huo mnene ukiuweka mara moja, umemaliza. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata.

Sasa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Karibu kila anayeanza huwa na ndoto hii: mashine ya presha ya wati 1,800, inveta, betri ya gari, hakuna kelele, hakuna petroli. Gawanya 1,800 kwa 12, unapata ampea 150; ongeza zinazopotea ndani ya inveta, unakaribia 170. Betri ya ampea-saa 100 usiyotaka kuiua inakupa nusu yake tu, na kwa mzigo mkubwa namna hiyo hata hiyo nusu haifiki. Ni dakika kumi na ushee, labda gari moja na nusu. Baada ya hapo hata gari lako haliwaki. Mtu aliyeniletea shida hii alikuwa mama mmoja wa Nzuguni aliyemnunulia mwanawe vifaa vyote kwa mpigo. Nilimwamkia, nikamweleza hesabu, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, inveta hii itawasha nini?" Inawasha taa na redio, mama. Na fyonza-vumbi kidogo.

Kwa mashine ya umeme, jenereta ndiyo njia, au tundu la umeme la mteja. Jenereta ikizima pindi unapobana kifyatuo, ni ndogo: mota inapoanza inadai umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa. Kwa wati 1,800 sishuki chini ya kVA 3, na kwa huu mwinuko wetu injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kabla ya kulaumu jenereta, tandua waya wote wa ekstensheni. Ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake unapata moto, na ukiwa mrefu na mwembamba unaiba volti kama ule wa betri.

Hapa ndipo pa kuita fundi umeme bila mjadala: ukisikia mwili wa mashine unang'ata hata kidogo, ukiona waya umechunika karibu na maji, au breka inaruka kila unapowasha. Umeme wa volti 230 na miguu iliyolowa havijaribiwi. Mwambie akufungie breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30.

Ya petroli haiwaki, au inakohoa na kutoa moshi mweusi

Moshi mweusi Dodoma kati ya mwezi wa saba na wa kumi: fungua chujio la hewa kwanza. Upepo wa miezi hiyo unabeba vumbi jekundu hadi ndani ya mkate. Sponji ya chujio ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe tone la oili na kukamuliwa. Kuiendesha bila chujio "kwa leo tu" ni kuilisha injini msasa.

Isiyowaka kabisa: angalia swichi, koki ya mafuta, kisha oili. Injini nyingi za aina hii zina kihisi kinachokataa kuwasha oili ikiwa chini au mashine ikiwa imeegemea upande, na gari lako likiegeshwa kwenye mteremko wa kule Iyumbu hilo linatosha. Halafu plagi, halafu petroli iliyokaa miezi na kugeuka gundi kwenye kabureta. Kabla ya kuvuta kamba, bana kifyatuo ili presha itoke. Kamba ngumu mara nyingi ni presha iliyobaki ndani, siyo injini.

Ukiachia kifyatuo huku injini inaendelea, maji yaleyale yanazunguka ndani ya pampu na kuchemka. Usizidishe dakika mbili. Ukitaka kuongea na simu, zima.

Onyo la hapa ni moja na halina nafasi ya ubishi. Usiwashe injini wala jenereta ndani ya gari, hata mlango wa nyuma ukiwa wazi, hata kukiwa na upepo. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akidhani amesinzia. Mashine ishushwe chini, moshi uelekee mbali na watu na madirisha. Kichwa kikianza kuuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje kwanza, maswali baadaye, na uende hospitali. Dumu la petroli nalo lisikae sehemu moja na jenereta yenye moto.

Inavuja chini

Tone la maji kwenye kiungo: ringi ya mpira, badilisha. Maji yanayodondoka katikati ya mwili wa pampu: sili za pistoni, na hizo zinataka vifaa vyake. Angalia oili kwenye dirisha dogo au kijiti. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiiendeshe hata kumalizia gari lililobaki; ukiisimamisha leo utabadilisha sili na oili, ukiilazimisha utabadilisha pampu.

Chumvi

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Kwenye birika la chai unaiona, kwenye pampu huioni. Kila jioni mimi huchomeka mpira kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi (ya mvua nikiwa nayo) na kuiendesha dakika moja. Nozeli zikiota ukoko zilaze usiku kwenye siki. Madoa meupe kwenye vioo vya mteja siyo kosa la pampu, ni maji yamekaukia pale. Osha kivulini, kausha kwa kitambaa kabla hayajakauka yenyewe.

Kama bado hujatoa hela

Pima uzito kabla ya presha. Lita moja ni kilo moja. Kirikuu nyingi, vile vigari vidogo vya mizigo, zimetengenezewa mzigo wa kilo 350. Pipa la bluu la lita 200, mashine kilo 25, jenereta kilo 40 na ushee, mipira, sabuni, mtu wa pili: umeshajaa. Anayefunga tangi la lita 500 kwenye kirikuu atakuja kuniuliza kuhusu springi na breki, siyo pampu. Hiace inabeba zaidi, lakini tangi lifungwe kwa mikanda kwenye chasi na liwe na vizuizi ndani, kwa sababu maji yanayoyumba kwenye kona yanasukuma gari.

Baada ya uzito, hesabu maji. Kwa mashine ya lita 7, kifyatuo kikibanwa dakika sita kwa gari dogo, ni lita 42. Pipa lile linakupa karibu magari matano. Mashine ya petroli ya lita 12 kwa dakika italimaliza kwa dakika 17 za kubana. Ndiyo maana anayeosha malori ya barabara ya Singida, mwenye maji karibu, nampa petroli. Anayefuata magari madogo ya maofisini, penye walinzi wasiopenda kelele, namwambia achukue ya umeme na aombe tundu la mteja. Mwenye mtaji mdogo aanze na ya volti 12, betri yake ya pembeni na sponji. Kazi yake itakuwa ya polepole, ila atafungua siku hiyohiyo.

Ukienda dukani, usiulize bar ngapi. Uliza inavuta yenyewe kutoka kwenye ndoo au inataka kusukumiwa. Uliza mota ni ya kaboni (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) au isiyo na kaboni. Ya kaboni ni nyepesi na yenye kelele, na kaboni zinaisha, lakini haidai umeme mwingi wakati wa kuwaka. Uliza sili na nozeli zake zipo kwenye rafu au zinaagizwa Dar. Kisha mwombe aiwashe hapohapo kwa maji ya kwenye ndoo iliyo sakafuni, na wewe ushike saa. Ndoo beba ya kwako. Za dukani huwa zimetoboka.